Potosí, Bolivia: mji wa watu zaidi ya laki ulisimamaje mita 4,000 juu, pasipoota mahindi?

mwl_nyanda_za_juu ameandika:

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Jiografia kidato cha tano na sita. Kila tukifika mada ya makazi, vijana wangu wanaorodhesha sababu zilezile za mji kuota mahali fulani: maji ya kutosha, ardhi yenye rutuba, hali ya hewa inayovumilika, njia nyepesi za usafiri. Halafu naandika Potosí ubaoni, na sababu zote zinagoma.

Ninachojua mpaka sasa ni hiki. Mji uko kwenye milima ya Andes, mita elfu nne na ushee juu ya usawa wa bahari. Kwa waliopanda Kilimanjaro, hapo ni juu kuliko Horombo, iliyoko mita 3,720. Mlima unaousimamia mji, Cerro Rico, unakaribia mita 4,800, yaani umepita kidogo Kibo Hut. Wahispania walianza kuchimba fedha hapo mwaka 1545, na mwanzoni mwa karne ya 17 wakazi walikadiriwa kufika 160,000. Ulaya ya wakati ule, miji yenye watu wengi kiasi hicho ilikuwa ya kuhesabu.

Sasa maswali. Maji walipata wapi kwenye nyika kame namna ile? Walikula nini kama mahindi hayaoti? Walipikia nini kama miti haipo? Na kwa nini wasijenge mji bondeni penye joto, wakawa wanapanda kuchimba na kushuka?

Jibu la "kulikuwa na fedha" ninalo. Nataka kuelewa fedha iligeukaje kuwa mji. Mwenye kujua, hasa aliyefika, naomba anisaidie.

karo_la_nzega amejibu:

Mwalimu, huko sijafika, lakini swali lako la mwisho naliweza maana ni la machimbo. Mji wa wachimbaji haukai kwenye duara (shimo la kuchimbia) wala haukai penye kivuli. Unakaa pale mbale inapochenjuliwa. Mbale ni mawe yenye madini, na mawe ni mzigo. Ukishusha tani nzima bondeni, sehemu kubwa umebeba uchafu. Kwa hiyo karasha (mashine ya kusaga mawe) na maji vinafuata mawe, na mama ntilie, fundi na muuza duka wanafuata karasha.

Ninachotaka kujua mimi: hao nao walitumia zebaki? Na kama walitumia, maji ya kusagia walitoa wapi? Maana hapo ndipo kazi yetu hukwama kila kiangazi.

mpimamaji amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Kaka wa Nzega, umegusa penyewe.

Nilisomea uhandisi wa maji Cochabamba, na Potosí tulipelekwa kujifunza mabwawa ya kale. Kwa hiyo nitaanza na maji, na naamini kwa dhati ndiko jibu liliko. Wageni wote wanaofika pale wanautazama ule mlima mwekundu, wanaupiga picha, wanaondoka. Anayetaka kuuelewa mji ageuze shingo upande wa pili, atazame safu ya Kari Kari. Fedha ilitoka Cerro Rico, lakini mji ulitoka Kari Kari.

Miaka ya kwanza maji mengi hayakuhitajika. Mbale ya karibu na kilele ilikuwa tajiri mno, na wenyeji walijua kuiyeyusha kwa tanuri ndogo ziitwazo huayra, zenye matundu ubavuni, zilizosimamishwa kwenye migongo ya vilima ili upepo uvuvie moto badala ya mivuo. Wahispania walijaribu mivuo yao, ikashindwa. Kwa hiyo mwanzoni mchimbaji Mhispania alikuwa na mlima lakini hakuwa na ufundi, na fedha nyingi ilipita mikononi mwa wenyeji. Wasafiri wa wakati ule waliandika kwamba usiku vilima vilimetameta kwa moto wa huayra kila upande.

Kufikia miaka ya 1560 mbale hiyo ilikuwa inaisha. Iliyobaki ilikuwa na fedha kidogo, na kuiyeyusha kulikuwa hasara. Mji ulianza kunyauka. Kilichouokoa ni zebaki, Kaka, hiyohiyo unayoijua. Wahispania walikuwa wameupata mgodi wa zebaki Huancavelica, kule Peru, na njia ya kuchenjua fedha kwa zebaki, iliyokuwa ikitumika Mexico, ikafika Potosí mwanzoni mwa miaka ya 1570. Kanuni ni ileile: saga mbale iwe unga, changanya na zebaki ikamate madini, osha, kisha fukuza zebaki kwa moto. Ila fedha ni kaidi kuliko dhahabu. Ilitaka chumvi, ilitaka dawa nyingine za madini kama shaba, na ilitaka majuma kadhaa ya kukanyagwa. Waliokanyaga tope hilo lenye zebaki walikuwa watu, kwa miguu mitupu, kwenye baridi ya mita elfu nne.

Sasa njoo kwenye kusaga. Unga huo haupatikani kwa nyundo ya mkono, si kwa mlima mzima. Walihitaji mitwango mikubwa ya mbao yenye vichwa vya chuma, inayoinuliwa na kuangushwa na gurudumu la maji. Na Potosí mvua inanyesha kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, kisha miezi mingi mikavu. Baadhi walijenga vinu chini Tarapaya, kwenye mto, lakini huko ndiko kubeba mawe alikokusema Kaka wa Nzega. Francisco de Toledo, makamu wa mfalme wa Hispania katika Peru, alifika Potosí mwishoni mwa 1572, na kuanzia hapo ikaanza kazi ya kuleta maji kwenye mawe.

Kari Kari ni mabonde yaliyochongwa na barafu ya zamani, mapana chini, kuta zimesimama pande zote. Mwalimu, unaweza kuyachora ukiwa umefumba macho. Bonde la namna hiyo ukiliziba mdomo kwa ukuta mfupi tu, nyuma yake unapata ziwa. Walifanya hivyo bonde baada ya bonde. Mwanzoni mwa karne ya 17 mabwawa yalikuwa zaidi ya 20, yameunganishwa kwa mifereji, na maji yake yote yaliingizwa kwenye mfereji mmoja uliopita katikati ya mji, uitwao Ribera. Kando ya Ribera vilijipanga vinu zaidi ya mia moja, maji yakitoka gurudumu hili yanaangukia gurudumu linalofuata, kutoka juu mpaka chini. Ng'ambo ya mfereji, upande wa mlima, ndiko kulikuwa na parokia za wenyeji wachimbaji. Upande mwingine ndiko Wahispania walikopiga viwanja vyao, makanisa na sarafu. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi mto unaogawa mji kitabaka, huo hapo, na mto wenyewe ni wa kutengenezwa.

Nilisimama juu ya ukuta wa bwawa la San Ildefonso. Kuta za namna hiyo ni mbili za mawe, na katikati umeshindiliwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Upana wake juu unatosha kutembea. Mawe ya upande wa nje yameota koga la njano na la kijivu, na upande wa maji viungo vimejazwa upya mara nyingi, ukitazama unaona rangi tofauti za chokaa kwa kila tengenezo. Sisi tulikuwa na vipimo vyetu vya kisasa mkononi, na ukuta ule umezuia maji karne nne.

Lakini haukuzuia siku zote. Machi 1626, mvua zikiwa nyingi, San Ildefonso lilipasuka. Maji yalifuata njia yaliyoandaliwa, yakashuka Ribera moja kwa moja, na kando ya Ribera ndiko uchumi wote ulikokuwa umepangwa. Vinu vingi vikasombwa, watu wengi mno wakafa, wengi wao wenyeji walioishi karibu na mfereji. Zebaki iliyokuwa kwenye vinu ikaenda na tope. Walijenga upya, na uzalishaji uliendelea, ila kwangu mimi tarehe hiyo ndiyo inayoonyesha mji ulisimama juu ya nini.

Chakula na moto nitaandika kesho, nimechoka mikono.

mpimamaji amejibu:

Naendelea.

Chakula. Pale juu panaota nyasi ngumu ya ichu, viazi kwenye sehemu zilizokingwa, na kinoa, mbegu zinazoliwa kama nafaka. Basi. Ila usiitazame Andes kama uwanda, Mwalimu. Itazame kama ngazi. Ukitoka Potosí kwenda mashariki, kwa siku chache za msafara wa lama (mnyama wa mizigo wa Andes) unashuka mpaka penye ngano na mahindi. Cochabamba ililisha Potosí kwa nafaka. Divai ilitoka mabonde ya kusini na pwani ya Peru. Nyumbu, wale mazao ya punda na farasi, walifugwa mbali huko Tucumán na kuuzwa Salta, ambayo leo ni Argentina. Majani ya koka, ya kutafuna kutuliza njaa na uchovu, yalipanda kutoka miteremko yenye joto, kwanza zaidi upande wa Cusco, baadaye Yungas, na bila koka hakuna mchimbaji aliyekubali kuingia shimoni.

Na kipo chakula kilichotengenezwa na baridi yenyewe: chuño. Viazi vinatandazwa nje usiku wa kiangazi vigande, mchana vinayeyuka, vinakanyagwa maji yatoke, usiku vinaganda tena. Baada ya siku kadhaa unapata kitu chepesi, cheusi, kigumu kama kokoto, kinachokaa miaka bila kuoza. Nyama ya lama nayo hukaushwa hivyohivyo. Jeshi la wafanyakazi lilikula hivyo.

Moto. Miti hakuna, kweli. Walichoma samadi kavu ya lama na yareta, mmea unaoota kama mto mkubwa wa kijani juu ya mawe, una utomvu na unawaka vizuri, lakini unakua polepole mno. Maeneo ya karibu na mji yalikwanguliwa. Mbao za mihimili ya vinu zilikokotwa kutoka mabonde ya mbali, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Na kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo maharage hayaivi upesi bila sufuria ya presha. Hilo wanafunzi wako watalikumbuka mpaka mtihani.

Kitu kimoja nilichokula pale nakiota mpaka leo: k'alapurka. Ni uji mzito wa mahindi wenye pilipili na vipande vya nyama, unaletwa kwenye bakuli la udongo, kisha mama anatumbukiza jiwe la volkano lililotoka motoni. Bakuli lote linatokota mbele yako, na linaendelea kutokota mpaka umalize. Nje ni asubuhi yenye jalidi. Nadhani ni akili kubwa sana, kupeleka moto ndani ya chakula badala ya kupoteza kuni kupasha chumba.

Bondeni. Mji wa bondeni ulikuwapo, Mwalimu. Ni La Plata, leo Sucre, mita 2,800 hivi, mwendo wa saa tatu kwa gari. Mahakama kuu ya kifalme iliwekwa huko mwaka 1559, na wenye migodi wengi walikuwa na nyumba huko. Wanawake wa Kihispania walikuwa wakishuka mabondeni kujifungua, maana ilisimuliwa kwamba watoto wao waliozaliwa juu hawakuishi. Waliobaki juu ni waliolazimika.

Na hapa ndipo penye sehemu nzito, siwezi kuipita. Maji yalipatikana, zebaki ilipatikana, watu wa kuingia kwenye mlima je? Toledo aliweka mita (si ile ya kupimia urefu), utaratibu wa zamu wa kazi uliokuwapo kwa Wainka, yeye akaugeuza kuwa shokoa. Mikoa 16, kuanzia karibu na Cusco mpaka kusini mwa Bolivia ya leo, ilitakiwa kutoa wanaume 13,500 hivi kila mwaka. Kila mmoja kwa hesabu ya makaratasi angerudi zamu baada ya miaka saba, lakini vijiji vilivyokimbiwa viliendelea kudaiwa idadi ileile, kwa hiyo waliobaki walirudi mapema zaidi. Kutoka Chucuito, kando ya Ziwa Titicaca, familia nzima zilitembea kama miezi miwili na lama zao na chakula chao. Shimoni walishuka kwa ngazi za kamba za ngozi, mzigo wa mbale umefungwa mgongoni kwa shuka, mshumaa kidoleni. Ujira ulikuwapo, haukutosha hata chakula, kwa hiyo mtu akimaliza wiki yake ya zamu anajiajiri wiki inayofuata kwenye mgodi uleule ili ale. Hao walioajiriwa walikuwa wengi kuliko wa zamu kwa kipindi kirefu. Mita ilifutwa na bunge la Hispania lililokaa Cádiz mwaka 1812, na Simón Bolívar, kiongozi wa ukombozi, akaifuta tena 1825 ili isirudi.

Kwa hiyo fedha iligeuka mji kwa njia hii, Mwalimu: serikali ilileta zebaki kwa ukiritimba, maji kwa mabwawa na watu kwa nguvu. Ukitoa kimoja, Potosí ingekuwa kambi ya miaka 20 yenye mashimo matupu.

mwana_lubumbashi amejibu:

Dada, asante sana, tunajifunza. Mimi nipo Katanga, na habari za mji kulelewa na mgodi tunazijua. Ninauliza: Waafrika walikuwa kule? Niliona picha za watu weusi wa Bolivia wakicheza ngoma na nguo nyeupe, wanasema babu zao walipita Potosí. Ni kweli?

mpimamaji amejibu:

Ndugu, ni kweli walikuwapo. Wengi walitoka upande wenu wa magharibi, Angola na Kongo. Walivushwa bahari mpaka Buenos Aires, mara nyingi kwa magendo, kisha wakatembezwa kupitia Córdoba na Tucumán mpaka milimani. Mwanzoni mwa karne ya 17 Potosí ilikuwa na Waafrika na machotara maelfu kadhaa.

Wengi wanaamini walikuwa wachimbaji. Kwa sehemu kubwa hawakuwa. Watu husema ni kwa sababu ya baridi na hewa nyembamba. Naona sababu kubwa ilikuwa bei. Mtumwa aliyefika Potosí baada ya safari ile aliuzwa ghali sana, na mwenye mgodi alikuwa na watu wa mita wanaoletwa na serikali karibu bure. Akimwua mwenyeji, kijiji kinaleta mwingine. Kwa hiyo Waafrika waliwekwa majumbani, kwenye karakana, kwenye misafara, na kwenye kiwanda cha sarafu. Kiwanda kilifunguliwa miaka ya 1570, na waliosimama kwenye tanuri za kuyeyushia walikuwa watumwa hao. Jengo jipya la kiwanda, lililojengwa 1759 mpaka 1773, bado lipo, leo ni makumbusho. Ndani zimo mashine za mbao za kubana vipande vya fedha, magurudumu yake ya meno ni makubwa kuliko mtu, na chini yake kuna chumba walimozunguka nyumbu kuzizungusha. Nilipoingia chumba kile cha chini nilitaka kutoka haraka. Dari iko chini, na sakafuni wanakuonyesha duara walilotembea wanyama, na watu waliowaswaga.

Wale uliowaona wakicheza ni saya, ngoma ya Waafrika wa Yungas, jimbo la La Paz, vijiji kama Tocaña, Mururata na Chicaloma. Huko ni bonde la joto, mashamba ya koka na matunda. Babu zao walifanywa watumwa kwenye mashamba hayo, na baada ya utumwa kufutwa mwaka 1851 wengi waliendelea kufungwa na mashamba yaleyale mpaka mageuzi ya ardhi ya 1953. Katiba ya 2009 inawatambua kwa jina lao kama mojawapo ya watu wa Bolivia. Ukikutana nao, uliza habari za Yungas kwanza, maana wamechoka kuulizwa habari za Potosí peke yake.

mzee_wa_kilwa amejibu:

Nimewasoma nyote, na mimi naongeza la kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa, apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa piastre 20. Piastre hiyo ndiyo sarafu ya fedha ya Kihispania ya reale nane, iliyopigwa Mexico, Potosí na viwanda vingine vya Amerika. Mexico wakati ule ilikuwa inapiga nyingi kuliko Potosí, kwa hiyo sisemi kila moja ilitoka mlima huo. Nasema binadamu wa bara letu walipimwa bei kwa fedha iliyochimbwa na binadamu walioswagwa kwa shokoa upande wa pili wa dunia. Nafundisha historia hii wajukuu zangu, na sasa nitawaongezea hayo mabwawa.

karo_la_nzega amejibu:

Mzee shikamoo, umenigusa.

Dada, na leo je? Mlima bado unachimbwa? Na topesumu, yale matope yenye sumu yanayobaki baada ya kuchenjua, ya miaka yote hiyo imekwenda wapi?

mpimamaji amejibu:

Unachimbwa, Kaka, kila siku.

Ilikuwa hivi. Fedha ilipopungua mji ulipukutika, na mwaka Bolivia inapata uhuru, 1825, wakazi hawakufika hata 10,000. Baadaye dunia ikataka bati, na bati lilikuwa limetupwa pembeni kama taka enzi za fedha, kwa hiyo mlima ukaamka tena. Mapinduzi ya 1952 yakaitaifisha migodi mikubwa ikawa ya shirika la serikali, COMIBOL. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka, migodi ya serikali ikafungwa au kupunguzwa, na maelfu ya wachimbaji wakahama na familia zao. Waliobaki Cerro Rico wakajiunga kwenye vyama vya ushirika, na ndivyo ilivyo mpaka sasa: zinki, risasi, fedha, bati kidogo. Wengi bado wanafanya kwa baruti na toroli, shavu limejaa koka. Kwenye njia za chini kuna sanamu ya Tío, mwenye pembe, anayeaminika kuwa mwenye mlima, nao humwekea koka, sigara na pombe wakimwomba awatoe salama. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, inawaua vijana. Vumbi lile unalijua, sina haja ya kukueleza.

Mlima wenyewe umechoka. Mwaka 2011 sehemu ya kilele ilititia ikaacha shimo. UNESCO, iliyouandika mji na mlima kwenye urithi wa dunia 1987, mwaka 2014 iliuhamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuchimba juu ya mita 4,400 kumezuiwa, lakini kuzuia kwenye karatasi ni jambo moja, na mtu mwenye watoto na toroli ni jambo jingine. Siwezi kumlaumu, maana hajapewa kazi nyingine.

Topesumu ndiyo inayoniumiza mimi kitaaluma. Maji ya Potosí yanashuka Tarapaya, yanaingia mto Pilcomayo, na Pilcomayo unakwenda mpaka Chaco, kwenye mipaka ya Argentina na Paraguay. Huko chini wapo watu wanaoishi kwa samaki wa mto huo. Mwaka 1996 bwawa la topesumu la Porco, jirani ya Potosí, lilipasuka na shehena yake ikaingia mtoni. Hiyo ni ajali moja. Mabaki ya karne nne yaliyoachwa kandokando ya mito yanaendelea kuoshwa kila mvua. Mabwawa ya maji safi ya Kari Kari wameyatunza karne zote hizo, na mengine bado yanaunywesha mji. Ya uchafu yamejengwa kwa pesa kidogo na kusahauliwa mapema. Kila ninapopitia michoro ya mgodi mpya, popote pale, nauliza kwanza lile la pili.

mwl_nyanda_za_juu ameandika:

Wakuu, mmenipa kipindi cha wiki nzima. Dada mpimamaji, ombi la mwisho: nataka mchoro mmoja wa kukata nchi ubavuni, kutoka baharini mpaka ng'ambo ya pili, wanafunzi waone hiyo ngazi. Niweke nini na nini? Na kuna picha yoyote ya zamani inayoonyesha mabwawa?

mpimamaji amejibu:

Picha ipo, tena nzuri ajabu. Mwaka 1758 mchoraji wa Potosí, Gaspar Miguel de Berrío, aliuchora mji wote kwa rangi za mafuta, na iko Sucre, makumbusho ya chuo kikuu. Mlima uko upande mmoja na njia zake kama uzi, mji katikati, na juu upande wa pili utayaona mabwawa ya Kari Kari yamepangwa moja juu ya jingine, na mfereji ukishuka. Waonyeshe hiyo kabla hujawaambia neno, waulize maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Mchoro: anza kushoto na Arica, bandarini, usawa wa bahari. Fedha ilishukia huko kwa lama na nyumbu, ikapanda meli kwenda Callao, Panama, kisha Hispania. Zebaki nayo ilipandia hapohapo. Kisha panda safu ya magharibi yenye volkano. Shuka kidogo kwenye uwanda wa juu, altiplano, mita 3,700 hivi, na weka uwanda wa chumvi wa Uyuni kusini, zaidi ya kilomita za mraba 10,000, maana uko jimbo hilohilo la Potosí na leo watu wanaugombea kwa ajili ya lithiamu. Panda tena safu ya mashariki: Potosí mita 4,000, Cerro Rico na Kari Kari juu yake. Cerro Rico ni mzizi wa volkano wa miaka milioni 14 hivi, na wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Shuka Sucre, mita 2,800. Endelea kushuka mpaka Chaco, mita mia chache tu, joto na miiba. Pilcomayo uchore kwa buluu kutoka Potosí mpaka huko.

Mipaka ya nchi iweke kwa penseli, Mwalimu. Potosí ilikuwa chini ya Lima mpaka 1776, mwaka uleule aliotutajia Mzee wa Kilwa, kisha ikahamishiwa utawala mpya wa Buenos Aires, na fedha ikageuza njia kwenda Atlantiki. Bolivia ilipopata uhuru ilikuwa na pwani yake jangwani upande wa Antofagasta, ikaipoteza kwa Chile kwenye vita iliyoanza 1879, na Arica yenyewe Chile iliitwaa kutoka Peru kwenye vita hiyohiyo. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini bandari ya fedha iko nchi nyingine, jibu ni hilo. Nikipata muda nitaskani mchoro wa ukuta wa San Ildefonso niliouchora kwenye daftari la mafunzo, niuweke hapa na vipimo vyake.